JAMAA NA NYUMBA YAKE: Nyumba ya zamani huuzwa pamoja na madeni yake



Mwezi huu tuseme juu ya nyumba ya kwanza. Hapa kwetu Likasi vijana wanauliza mara nyingi: "Inafaa tununue lupangu tupu na kujenga polepole, ao tununue nyumba ya zamani ya kambi tuitengeneze?"

Njia zote mbili ni nzuri. Lupangu tupu siku hizi iko mbali, pengine hakuna bomba la maji wala nguzo ya umeme. Nyumba ya zamani ya Panda, ya Shituru, ya Kikula ao ya katikati ya mji iko karibu na kalasi, soko na hospitali. Kuta zimekwisha kusimama. Mtaingia mkiwa na kitanda na masufuria tu, na kodi mliyokuwa mkilipa kila mwezi itageuka matofari.

Lakini sikilizeni neno hili. Nyumba ya zamani ina bei mbili. Bei ya kwanza ni ile unayompa muuzaji mkononi. Bei ya pili ni yale yote ambayo waliokaa mbele yako hawakuyalipa: mikanda ambayo haikutengenezwa, paa ambalo halikugeuzwa, bili za maji na umeme, tena haki ya mtu mwingine ambayo haikuangaliwa. Hayo yote ni madeni, na muuzaji hatayataja. Atakuambia tu: "Nyumba iko muzuri, mwana wangu, kazi ni kupaka rangi." Kwa hiyo, mbele ya kutoa feza, tafuta madeni.

Nyumba hizi zilitoka wapi?

Inafaa vijana wajue. Kampuni ya Union Minière ilianzishwa 1906. Mwanzoni wafanyakazi walikuja kwa muda mfupi na kurudi kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iligeuza mpango: ilitaka mfanyakazi akae na mke na watoto, na hivyo kambi zikajengwa kwa nyumba za kudumu. Mji wetu uliitwa Jadotville tangu 1931 mpaka 1966, halafu ukarudia jina la Likasi. Tangu 1967 kampuni ikawa mali ya Leta, na baadaye ikapata jina la Gécamines.

Wazee wanakumbuka. Bomba likiharibika, fundi wa kampuni alikuja. Kioo kikivunjika, fundi wa kampuni alikuja. Baba mwenye nyumba hakununua hata msumari. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Kufika 1994 ilikuwa imeshuka chini ya tani 50,000. Mafundi wakaacha kuja, na mishahara ikachelewa miezi na miezi. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini katika mpango wa kuondoka kwa hiari. Leo nyumba nyingi zilizokuwa za kampuni ziko mikononi mwa watu.

Basi, ukiona nyumba ya kambi yenye paa lililooza, usimcheke mzee aliyekaa mle. Yeye alizoea nyumba ya kutengenezwa na wengine, na mshahara ulipokatika hakuwa na njia. Lakini ujue pia kwamba nyumba ile pengine ina miaka 30 ya kazi ambayo haikufanyika, na sasa itafanywa na wewe.

Deni la kwanza: mikanda

Vijana wengi wanaangalia kuta kwanza. Anza na mikanda. Paa bovu unaweza kuligeuza kwa kipwa kimoja. Nyumba ambayo si yako, hata ukiipaka rangi mara kumi, itabaki si yako.

Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 ilisema kwamba ardhi yote ni ya Leta. Mtu anapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo inasimamishwa na mkanda mmoja tu: sertifika ya kuandikishwa, ile watu wanaita "sertifika danrejistrema". Inatolewa na konservateri wa vyeti vya ardhi. Mikanda mingine, kama fishi ya lupangu, livre ya lojeri ya zamani, ao barua ya kampuni inayosema fulani amepewa nyumba, inasaidia kuonyesha njia ambayo nyumba imepita. Lakini haitoshi yenyewe. Ukinunua kwa mkanda wa namna hiyo, ujue umenunua nusu ya safari, na nusu nyingine utailipa wewe. Ipunguze katika bei.

Usikubali fotokopi. Enda mwenyewe ofisini kwa konservateri na namba ya lupangu, uulize: jina gani limeandikwa? Je, nyumba imewekwa rehani? Je, kuna mtu aliyeleta mashtaka juu yake? Kama nyumba ilitoka kwa kampuni, muulize muuzaji kama alimaliza kuilipa, na aonyeshe risiti.

Sasa tuseme baba mwenye nyumba amekufa, na mtoto wake mkubwa anakuja kwako: "Baba aliniachia nyumba, lipa tu." Simama hapo. Kwa sheria yetu ya jamaa ya 1987, iliyorekebishwa 2016, watoto wote wa marehemu ni warithi wa kwanza, wa kiume na wa kike, wa ndoa na wale wa nje ambao aliwatambua akiwa hai. Mke aliyebaki yumo kati ya warithi wa pili, pamoja na wazazi na ndugu za marehemu, tena ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi. Mtoto mkubwa peke yake hawezi kuuza. Uliza nani amewekwa kusimamia urithi, uone mkanda wake, na warithi wote watie sahihi. Kama dada mmoja yuko Kolwezi na mwingine Lubumbashi, ngoja sahihi zao zifike. Ukiambiwa, "Hao wanawake hawana neno," ujue ndipo neno litakapotokea.

Na kama muuzaji yu hai na ana mke, mke naye atie sahihi. Sheria inataka baba na mama wakubaliane wote wawili kwa kuuza nyumba yao. Baba anayeuza nyumba usiku, mama akiwa kilioni kijijini, anakuuzia kesi.

Kuna swali lingine ambalo hapa Likasi watu wanaogopa kuliuliza. Ulizeni hata hivi: "Nani alikaa nyumba hii mwaka 1992?" Katika fujo za 1992 na 1993, maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Walilala stesheni siku na majuma wakingojea gari la moshi, na wagonjwa na watoto walikufa mle. Wengine waliuza nyumba zao kwa bei ya bure, wengine waliacha mlango wazi na kukimbia. Kumbe, kuna nyumba ambazo historia yao ya mikanda imekatika mwaka ule. Jina la sertifika ni la mtu mmoja, anayeuza ni mwingine, na katikati hakuna kontra yoyote.

Utasema, "Mimi nilikuwa sijazaliwa, hayo yananihusu nini?" Yanakuhusu kwa namna mbili. Ya kwanza: mwenye jina, ao mtoto wake, anaweza kurudi na mkanda mkononi, na tribinali itausoma. Ya pili: mtoto wako atalala katika chumba kile. Inafaa uweze kumwambia pasipo kuinamisha macho gisi mlivyoipata. Kama mwenye jina anaweza kutafutwa, atafutwe. Mara nyingi jamaa yake iko, majirani wa zamani wanaijua, na mapatano ya haki yanawezekana. Kama muuzaji anakasirika kwa swali hilo, enda utafute nyumba nyingine.

Mikanda ikiwa safi, andikeni kontra mbele ya notari, na mashahidi wa pande mbili. Usilipe yote siku ya kwanza. Sehemu moja ilipwe kwa sahihi, na sehemu nyingine sertifika inapogeuzwa kwa jina lenu. Kila malipo yawe na risiti. Tena muulize muuzaji bili za mwisho za Regideso na SNEL. Deni la maji la miaka mingi linaweza kukungojea mlangoni.

Deni la pili: paa na kuta

Sasa ingia ndani. Usiende kuangalia nyumba wakati wa kipwa peke yake, maana kwa kipwa kila paa ni zuri. Rudi siku ya mvua, ao kesho yake. Angalia dari: alama za rangi ya chai zinaonyesha mahali maji yanapopita. Chukua kisu kidogo, uchome mbao za paa na miimo ya milango. Kisu kikiingia kama katika bukari, mchwa wamekwisha kula. Tafuta pia vijia vyao vya udongo juu ya ukuta.

Ufa wa ukuta, usiufunge upesi kwa sima. Tandika plasta nyembamba juu yake mahali padogo, uandike tarehe. Kama baada ya miezi michache, na hasa baada ya mvua, plasta haikupasuka, ufa umelala: uzibe. Kama imepasuka, msingi unatembea, na fundi lazima achimbe aone sababu. Mara nyingi ni maji ya paa yanayoanguka chini ya ukuta. Mfereji mdogo wa kuyapeleka mbali unagharimu kidogo na unaokoa nyumba nzima.

Paa ndiyo kazi ya kwanza, na wakati wake ni kuanzia Mei mpaka Septemba. Uhesabu mwenyewe mbele ya kwenda kununua. Mfano: paa lako lina mita 60 za mraba. Njanja moja ya mita 3 kwa sentimita 80, ukiondoa sehemu zinazolaliana, inafunika karibu mita 2 za mraba. Basi unahitaji manjanja 30, na 2 ao 3 ya akiba. Fundi akikuambia 45, muulize zile 12 zinaenda wapi. Misumari ipigwe juu ya mgongo wa mawimbi, si katika bonde, maana maji yanapita bondeni.

Jambo la kuangalia sana: nyumba nyingine za zamani zimefunikwa na eterniti, zile sahani za kijivu zilizo ngumu kama sima. Eterniti ya zamani ina amianti ndani yake. Ikikaa nzima haina shida kubwa. Lakini ukiikata kwa msumeno, ukiivunja ao kuisugua, inatoa vumbi ndogo sana ambayo inaingia mapafuni na kuleta ugonjwa mkubwa, pengine baada ya miaka 20 ao 30. Kama ni nzima, iache. Kama lazima kuiondoa, imwagiwe maji kwanza, sahani zitolewe nzima, watoto wawe mbali, na fundi avae maski ya kazi. Kitambaa puani hakitoshi. Vipande visitandikwe katika lupangu kama njia ya miguu. Vilevile rangi za mafuta za zamani juu ya milango na madirisha: nyingi zilikuwa na risasi ndani. Zisisuguliwe zikiwa kavu, na vumbi lake lifutwe kwa kitambaa cha maji.

Deni la tatu: maji na umeme

Waya za zamani zilitiwa kwa taa mbili tatu na redio. Leo tunaweka frigo, pasi, jiko la umeme na simu tano za kuchaji, juu ya waya uleule. Ukigusa swichi na kuona moto wa joto, ukiona plastiki imegeuka nyeusi, ao ukikuta fyuzi imefungwa kwa kipande cha waya, ujue nyumba inangojea kuungua. Ligeuze hilo mbele ya rangi na mbele ya viti. Mwite fundi wa umeme anayejulikana kwa kazi yake, si shemeki anayejaribu. Aweke kikata-moto chenye kipimo cha waya, na waya wa ardhi. Umeme ukikatika, chomoa frigo na televizioni, maana mara nyingi unarudi kwa nguvu.

Maji: fungua robine zote. Bomba za chuma za zamani zinaziba kwa kutu ndani, na kama zinavuja chini ya nyumba, maji yanalainisha msingi. Kama mnachimba kisima kwa sababu bomba halitoi, kiwe mbali na choo, mita 30 ao zaidi, na choo cha jirani nacho kihesabiwe.

Deni la nne: udongo

Sisi ni watu wa migodi, na udongo wetu si kama wa wengine. Mwaka 2009 wachunguzi wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wa Katanga wanaokaa karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi mwilini, na zaidi watoto. Vumbi inaingia kwa mikono na kwa chakula. Kwa hiyo nyumba iliyo karibu sana na kiwanda, ao na mlima wa takataka za mgodi, bei yake ndogo ina sababu. Kama ndiyo mnayoweza kupata, mfunike lupangu kwa majani na miti, msifagie ndani kwa ufagio mkavu lakini mpanguse kwa maji, na watoto wanawe mikono kila mara mbele ya kula.

Msikubali mchanga ao mawe ya mgodi kwa kujenga ao kujaza sakafu, hata kama dereva anawapa bure. Shinkolobwe, mahali palipotoka uranio ya mabomu ya kwanza ya atomi ya 1945, si mbali na mji wetu.

Na msinunue kwa tumaini la kuchimba. Ku Kasulo, Kolwezi, watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao mwaka 2014, na karibu kila lupangu ikachimbwa, pengine mpaka ndani ya chumba cha kulala. Kuta zikapasuka, mashimo yakafukia watu. Sertifika inakupa haki ya kukaa juu ya ardhi. Madini yaliyo chini ni ya Leta.

Gisi ya kugawa feza

Tunawashauri hivi: msitumie feza yote kwa kununua. Kama jamaa imekusanya, kwa mshahara, kwa biashara ya mama na kwa likelemba, igaweni sehemu tatu: mbili za kununua, moja ya mikanda, paa na umeme. Kama nyumba inakula zote tatu, ni kubwa kwenu kwa sasa. Nyumba ya vyumba viwili ambayo haivuji ni bora kuliko ya vyumba vinne ambayo mtaishi mle na beseni chini ya kila tundu.

Kazi zifuate mpango huu: mikanda, paa, mifereji ya maji, umeme, choo na bomba, halafu sakafu, na rangi mwisho. Vijana wengi wanaanza na rangi juu ya wageni. Mvua ya kwanza ya Novemba inaingia, na rangi inaanguka pamoja na feza.

Neno la mwisho ni kwa mabwana. Jina gani litaandikwa katika sertifika? Mama amebeba matofari, ameuza unga sokoni, ameacha kununua nguo miaka mitatu. Majina yenu yote mawili yaandikwe. Tumeona wajane wengi waliofukuzwa na jamaa ya mume juma moja baada ya maziko, katika nyumba waliyoijenga kwa mikono yao. Sheria iko upande wa mjane, lakini mkanda wenye jina lake unasema upesi kuliko avoka. Ukimwachia mke wako swali hilo, umemwachia deni kubwa kuliko yote tuliyotaja hapa.

Mzungumze nyumbani:

1. Nyumba tunayokaa, jina la nani liko katika mikanda yake? Mikanda yenyewe iko wapi, na nani anajua?
2. Kama mmoja wetu akifa leo, wengine wataweza kubaki ndani?
3. Paa letu litavumilia mvua za mwaka huu? Kama hapana, tunaanza kuweka feza mwezi gani?
4. Kabla yetu, nani alikaa hapa, na aliondoka namna gani?